Harar: ukuta uliobaki na watu ndani yake

Msafiri atokaye Dire Dawa, mashariki mwa Ethiopia, hupanda milima kwa mwendo wa kilometa 50 hivi kabla ya kuufikia mji wa Harar. Joto la bondeni hubaki nyuma, na hewa huwa ya baridi kidogo, kwani mji huo uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kandokando ya barabara kuna mashamba ya mtama, mibuni na mirungi, na njiani hukutana na akina mama wakiwa na mizigo kichwani, nguo zao za rangi kali zikionekana toka mbali.

Kwanza hufika mji mpya, wenye njia pana na majengo ya serikali, ambayo baadhi yake yalijengwa na Waitaliano walipoikalia nchi hiyo kati ya 1936 na 1941. Hapo hakuna la ajabu. Kisha barabara huishia mbele ya ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta huo huanza mji mwingine kabisa.

Mji ulio ndani ya ukuta hujulikana kwa jina la Jugol. Wenyeji wenyewe huuita Gey, yaani "Mji", basi, kana kwamba duniani hakuna mji mwingine. Lugha yao ni Gey Sinan, lugha ya mji. Nayo ni ndugu wa Kiamhara na lugha nyingine za Kihabeshi, ila zamani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama vile Kiswahili kilivyoandikwa Lamu, Pate na Unguja. Hapana budi kukiri kwamba watu wanaouita mji wao kwa jina hilo hawana haja ya kufundishwa na mtu namna ya kujivunia kwao.

Habari za ukuta huo haziwezi kutenganishwa na habari za mwanamke mmoja. Mwaka 1520 Harar ilifanywa makao makuu ya dola ya Kiislamu ya Adal. Muda mfupi baadaye akainuka Imamu Ahmad bin Ibrahim, aliyepigana na wafalme wa Kihabeshi kwa miaka mingi na kuiteka sehemu kubwa ya nchi yao, mpaka alipouawa vitani mwaka 1543. Mjane wake, Bati Del Wambara, aliyekuwa amefuatana naye katika safari za vita, alirudi Harar. Masimulizi yasema kwamba Nur bin Mujahid, mpwa wa marehemu, alipomposa, bibi huyo alikubali kwa sharti la kulipiziwa kisasi cha mumewe. Mwaka 1559 jeshi la Nur lilimwua Mfalme Galawdewos, na sharti likatimizwa.

Lakini ushindi ule haukuuletea mji raha. Vita vya miaka mingi vilikuwa vimekwisha kuzidhoofisha pande zote mbili, na wakati huohuo Waoromo, wafugaji na wapiganaji hodari, walikuwa wakisogea na kuenea katika nchi zile. Harar ilikuwa mji wa wafanya biashara na wanazuoni, uliozungukwa na nchi isiyokuwa yake tena. Ndipo Amiri Nur akaujengea ukuta. Wapo wataalamu wanaoona kwamba kazi ile ilianza mapema zaidi, katika karne ya 13, na kumalizika katika karne ya 16. Ila mwenyeji wa Harar ukimwuliza nani aliyejenga, atataja jina la Nur pasipo kusita, na atakuonyesha kaburi lake lenye kuba la kijani, lililo ndani ya mji hadi leo.

Ukuta wenyewe si mkubwa wa kutisha. Urefu wake kuuzunguka mji umezidi kidogo kilometa 3, na kimo chake ni mita 4 hivi. Umejengwa kwa mawe ya hapohapo yaliyoshikanishwa kwa udongo. Eneo lililomo ndani ni hekta 48 tu. Mtu mwenye miguu mizima huweza kulikata toka upande hadi upande kwa robo saa, iwapo hatapotea. Na mgeni hupotea.

Malango ya kale ni matano. Kaskazini ni Assum Bari, mashariki Argob Bari, kusini-mashariki Suqutat Bari, kusini Badro Bari, na magharibi Asmaddin Bari. Hayo ni majina ya wenyeji. Waoromo na Waamhara wanayo majina yao kwa malango yayo hayo, hata mgeni akiuliza njia hupewa majina matatu ya mahali pamoja. Wapo wasemao kwamba malango ni matano kwa sababu nguzo za Uislamu ni tano. Zamani yalifungwa usiku. Lango la sita lilifunguliwa baadaye sana, nalo ndilo lipitishalo magari.

Chini ya ukuta, sehemu mbalimbali, kuna matundu madogo. Hayo yaliwekwa ili maji ya mvua yatoke, na usiku fisi hupita humo kuingia mjini. Wenyeji huyaita matundu ya fisi, na hawajayaziba. Mwarabu, Mworomo, Mwamhara walikaguliwa langoni mchana; fisi alipita bila kuulizwa. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: hula mifupa, matumbo na takataka zilizotupwa na machinjio na majiko, na asubuhi njia huwa safi. Zaidi ya hayo ipo desturi ya kuwapikia uji wenye samli siku ya Ashura, na namna wanavyoula huchukuliwa kuwa dalili ya mwaka ujao. Siku hizi watu wachache hulisha fisi nje ya malango kila jioni mbele ya watalii, nyama ikishikwa mkononi au kwa kijiti kinywani. Tamasha hilo si la kale kama watalii wanavyodhani. Lilianza katika karne ya 20. Desturi ya matundu ndiyo ya kale.

Ndani ya Jugol njia ni nyembamba, nyingine hata punda mwenye mzigo akipita mtu hana budi kujibana ukutani. Kuta za nyumba zimepakwa rangi nyeupe, buluu, kijani au waridi, na hazina madirisha ya kutazama nje. Yapo maduka, bila shaka, na upo mtaa mmoja maarufu wa washonaji, uliopewa jina la Makina Girgir kwa sababu ya mlio wa vyerehani vyao, ambao hufika katika uwanja wa Faras Magala, yaani soko la farasi. Misikiti ni 82, na mitatu kati yake huhesabiwa kuwa ya karne ya 10. Makaburi na mahali pa ziara za mawalii ni 102. Hesabu hizo, katika eneo dogo kama hilo, zaonyesha kwa nini mji huu uliheshimiwa na Waislamu wa pembe yote ya Afrika. Mengi ya majengo hayo ni madogo sana. Msikiti mwingine hujificha nyuma ya mlango unaofanana na mlango wa nyumba ya jirani.

Walakini fahari ya ujenzi wa Harar haiko misikitini. Iko nyumbani.

Kwa nje nyumba ya Kiharari ni ukuta na mlango. Mlango ukifunguliwa hutokea ua, na mara nyingi nyumba mbili au zaidi za jamaa huuzunguka ua huo mmoja. Nyumba yenyewe ni ya mawe na udongo, ya pembe nne, na paa lake ni bapa, limetandazwa udongo juu ya boriti. Mwenye kuvuka kizingiti hujikuta mara moja katika chumba kikuu kiitwacho gidir gar, na hapo ndipo mtu wa pwani yetu hupata mshangao. Hakuna viti. Sakafu hupanda ngazi kwa ngazi, na ngazi hizo ndizo mabaraza ya kukalia, yaitwayo nadaba, yaliyotandikwa mikeka, mazulia na mito.

Nadaba nazo ni tano, na kila moja ina watu wake. Ya mwenye nyumba, amir nadaba, imewekwa mahali ambapo mtu akikaa humwona kila aingiaye. Gidir nadaba, kubwa kuliko zote, ni ya wageni na jamaa kwa jumla. Tit nadaba, iliyo ndogo, ni ya chini yake kwa heshima. Ipo nyingine nyuma ya mlango, na jina lake lina maana hiyohiyo, ambayo hukaliwa na mtu mdogo au mwenye haja ya kupita tu. Ya tano, sutri nadaba, imesitirika pembeni, nayo ni ya wenye nyumba wenyewe. Hivyo mgeni hahitaji kuambiwa akae wapi. Nyumba yenyewe humwambia, na yeye akikosea mahali, chumba kizima hujua kwamba hakulelewa hapo. Ni adabu iliyojengwa kwa mawe, na huenda hilo ndilo linaloifanya iwe vigumu kuibadilisha.

Katika ukuta wa mbele kuna vishubaka, kwa desturi 11. Mtu wa Lamu ataviita zidaka pasipo kufikiri, kwa kuwa kazi yake ni ileile: kuweka vitabu, vyombo vya kauri, na vitu vizuri ambavyo hakuna faida kuwa navyo iwapo havionekani. Tofauti ni kwamba zidaka za Lamu zimechongwa katika lipu ya chokaa kwa nakshi nyingi, ilhali za Harar ni za udongo na hazina mapambo. Viwili kati ya hivyo vina umbo la pembe nne, navyo husemekana kuwakumbusha waliomo chumbani umbo la kaburi.

Nadaba na sakafu hupakwa udongo mwekundu. Ukiuliza kwa nini mwekundu, jibu ni Chelenqo. Mwezi wa Januari 1887, Menelik, wakati huo mfalme wa Shewa, aliyeshindwa baadaye na hakuna jirani, alilishinda jeshi la Amiri Abdullahi, amiri wa mwisho wa Harar, katika mahali paitwapo Chelenqo, na uhuru wa mji ukaisha. Wenyeji husema kwamba rangi ile ni kumbukumbu ya damu ya waliokufa siku hiyo. Watoto hukua wakikalia kumbukumbu hiyo kila siku, wakinywea kahawa na kufanyia kazi za shule juu yake.

Pembeni mwa chumba kikuu kuna chumba kidogo, kirtat, kilichotengwa kwa ajili ya maarusi. Zamani bwana na bibi arusi walikaa humo siku kadhaa baada ya harusi bila kutoka, na chakula na maji walipitishiwa katika upenyo. Chumba ni kidogo kiasi kwamba mtu wa leo hujiuliza waliwezaje. Wazee hujibu kwamba haikukusudiwa wawe mbali. Nyuma yake ni ghala lisilo na dirisha, la kuwekea nafaka.

Ukuta uliobaki wazi ni wa mwanamke. Hapo hutundikwa vikapu na sinia za ukili zilizosukwa kwa nyasi, kwa safu na kwa mpango unaojulikana, na kila kimoja kina jina na kazi yake: cha mkate, cha vikombe vya kahawa, cha zawadi ya harusi, hata kipo cha mama mkwe. Wasichana walijifunza kazi hiyo kwa kukusanyika katika nyumba ya mama mmoja hodari, wakisuka na kusikiliza mazungumzo ya wakubwa wao. Kikapu kimoja kizuri huweza kuchukua miezi mingi. Bibi arusi aliyeingia nyumba ya mume na vikapu vichache alikuwa na la kueleza. Na kama katika nyumba kulikuwa na binti aliyefika umri wa kuolewa, zulia lililokunjwa na kuwekwa juu ya mlango liliwajulisha wapitao, bila mtu kusema neno.

Katika nyumba hizohizo hunywewa kahawa kwa namna ambazo hazijulikani kwingi. Harar huuza nje buni iliyo maarufu duniani, lakini zamani mkulima aliuza buni na kubaki na maganda na majani. Maganda huchemshwa na maziwa, na majani yaliyokaushwa na kukaangwa hupikwa kama chai. Mama wa nyumbani anayeona ajabu akumbuke kwamba ng'ambo ya bahari, Yemen, maganda ya buni nayo huchemshwa na kunywewa.

Kwa karne nyingi mji ulijitawala. Tangu 1647 ulikuwa na maamiri wake, uliandika sheria zake na kupiga sarafu zake. Mwezi wa Januari 1855 Mwingereza Richard Burton, ambaye karibu miaka miwili baadaye alifika Unguja akienda kutafuta maziwa makuu ya bara, aliingia Harar na kukaa siku kumi kwa wasiwasi mkubwa. Wamisri waliuteka 1875 wakakaa miaka 10. Baada ya Chelenqo, Ras Makonnen alifanywa mtawala wake, na kanisa la Medhane Alem likajengwa katika uwanja wa Faras Magala. Mwanawe Ras huyo, Tafari, aliyezaliwa karibu na Harar mwaka 1892, ndiye Haile Selassie. Mshairi wa Kifaransa Arthur Rimbaud naye aliishi hapo kwa vipindi kuanzia 1880 hadi 1891, akifanya biashara ya kahawa na silaha. Watalii huonyeshwa jumba zuri la mbao lenye jina lake, lenye roshani na vioo vya rangi. Jumba hilo lilijengwa na mfanya biashara wa Kihindi, na haikuthibitika kwamba Rimbaud alilala humo hata usiku mmoja. Lakini ni makumbusho mema, na picha za kale zilizomo zafaa kutazamwa.

Bunduki na mizinga vilikuwa vimekwisha kuufanya ukuta usiwe kinga. Hatari zilizofuata hazikupitia malangoni. Mwaka 1975 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilitaifisha ardhi ya mijini pamoja na nyumba zote za ziada. Familia zilizokuwa na nyumba zaidi ya moja zilibakiwa na moja, na nyingine zikapangishwa kwa bei ndogo, chumba kwa chumba. Waharari wengi walikuwa wamekwisha kuhama tangu mwaka 1948, baada ya msukosuko wa kisiasa, wakaenda Addis Ababa. Wengine waliwafuata, na wengine wakaenda Arabuni na Amerika ya Kaskazini. Nadaba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa ya wapangaji wasiojua ya nani ni ipi. Paa la udongo lataka kushindiliwa na kuzibwa nyufa kila msimu wa mvua, na mpangaji wa chumba kimoja hana sababu ya kupanda juu ya paa lisilo lake.

Kisha likaja jambo la maji. Mji ulitegemea ziwa Haramaya, lililo njiani kuelekea Dire Dawa. Ziwa hilo lilipungua mwaka hadi mwaka kwa kuvutwa maji ya mashamba na ya mjini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likakauka. Ikabidi maji yaletwe kutoka visima vya bondeni, yakipandishwa mlimani kwa pampu. Akina mama wa Jugol walijifunza kuishi kwa mitungi na mapipa, na mapipa huhitaji mahali. Katika nyumba iliyogawanywa kwa kila kitu na kila mtu mahali pake, pipa la plastiki halina nadaba.

Shirika la UNESCO liliiandika Harar katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Lilitaja pia yanayouharibu mji: lipu isiyofaa, milango ya chuma badala ya ile ya mbao, mabati, na nguzo za televisheni. Yote hayo ni kweli, ila inafaa kuyatazama pia kwa macho ya mwenye nyumba. Bati halihitaji kushindiliwa. Mlango wa chuma haumtii wasiwasi mama aliyeachwa peke yake na watoto. Saruji hupatikana kila duka, ilhali fundi wa mawe na udongo hutafutwa. Shida ni kwamba ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji nje, unyevu hufungiwa ndani, na baada ya miaka michache lipu huvimba, hubanduka, na mawe huanza kuachana. Mwenye kuokoa fedha mwaka huu hulipa mara mbili baadaye, na pengine ukuta humwangukia jirani.

Kuna nyumba zilizotengenezwa vizuri. Baadhi zimefanywa nyumba za wageni, ambapo mtalii hulala kirtat na kunywa kahawa juu ya nadaba, na fedha hizo hukarabati paa. Makumbusho ya Sherif, katika jumba alilokaa Ras Tafari, yamekusanya misahafu na hati za mkono zilizokuwa zikitawanyika, na hufundisha kazi ya kuzijalidi. Vyama vya wenyeji, vinavyoitwa afosha, ambavyo husaidiana katika harusi na misiba, vingali hai.

Ulinganifu ulio karibu nasi ni Gedi, karibu na Malindi. Huko nako kulikuwa na mji wa Waislamu uliozungushiwa kuta, wenye jumba la mtawala, msikiti mkuu, visima na nyumba za mawe. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika nao katika orodha yake. Kuta zake zimesimama katika msitu, na mizizi imeshika mawe. Kila kitu huko kimehifadhiwa vema, kwani hakuna anayekitumia. Hakuna aletaye bati wala anayeuliza mahali pa kuweka pipa.

Jioni ya Jugol ina kelele. Vyerehani vya Makina Girgir vikinyamaza, mwadhini wa msikiti huu humjibu wa msikiti ule, na wanawake wenye vikapu vya mirungi na nyanya hukusanya vitu vyao langoni. Moshi wa majiko hutambaa juu ya mapaa, ya udongo na ya bati. Mabaki ya chakula hutupwa nje. Usiku ukizidi, katika matundu ya chini ya ukuta, fisi wa kwanza huingia.